Jinsi mkazi wa Nyalenda anavyoweza kupata rekodi za kesi ya jinai mahakamani

Na MWANDISHI WETU

WAKAZI wengi wa Nyalenda, jijini Kisumu, wanaijua vyema njia ya kwenda kituo cha polisi pindi jamaa yao anapokamatwa. Ni wachache mno wanaojua namna ya kuifikia faili ya kesi yake baada ya kusomewa mashtaka mbele ya hakimu.

Ujinga huo una gharama kubwa. Mfungwa aliye katika gereza la Kodiaga huweza kupoteza nafasi ya kukata rufaa kwa sababu familia yake haikuomba nakala ya hukumu mapema. Kijana aliyeachiliwa huru huweza kukosa kazi miaka kadhaa baadaye kwa kuwa hana hati ya kuthibitisha kwamba mahakama haikumpata na hatia. Naye mwathiriwa wa uhalifu huweza kukaa nyumbani akingoja kuitwa kutoa ushahidi, kumbe kesi ilikwisha kuondolewa kitambo.

Makala haya yanaeleza rekodi hizo ni zipi, zinapatikana wapi, na hatua ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kuzifuata bila kumtegemea dalali wa langoni.

Sheria inasema nini

Msingi wa kwanza ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 50 kinampa kila mshtakiwa haki ya kesi yake kusikilizwa hadharani. Hii ndiyo sababu mtu yeyote, awe jamaa au la, anaweza kuingia katika chumba cha mahakama na kuketi asikilize, isipokuwa pale ambapo mahakama imeagiza vinginevyo ili kulinda mashahidi, watu wanyonge, maadili au usalama wa nchi.

Kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba mshtakiwa ana haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia. Aidha, ana haki ya kupewa nakala ya mwenendo wa kesi katika muda unaofaa baada ya kesi kumalizika, kwa malipo ya kadiri yaliyowekwa na sheria.

Msingi wa pili ni Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75 ya sheria za Kenya. Kifungu cha 170 kinaagiza kwamba mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu yake, apewe bila kucheleweshwa na bila malipo. Jambo hili halijulikani na wengi. Mtu anayetozwa fedha kwa nakala ya hukumu iliyomhusu yeye mwenyewe ana haki ya kuuliza ni kwa sheria ipi.

Msingi wa tatu ni Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 iliyotungwa ili kukitekeleza. Sheria hiyo inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Inaagiza jibu litolewe ndani ya siku 21, na iwapo habari inayoombwa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala.

Kaunti haihifadhi faili za mahakama

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, wapo wananchi wanaodhani kwamba rekodi za kesi zimo katika ofisi za serikali ya kaunti. Sivyo. Mahakama haikugatuliwa. Hata mchuuzi anayeshtakiwa kwa kuvunja sheria ndogo za kaunti husomewa mashtaka na hakimu wa Idara ya Mahakama, na faili yake hukaa mahakamani.

Katika Kaunti ya Kisumu, kesi za jinai husikilizwa katika vituo kadhaa. Kuna Mahakama ya Kisumu iliyo jijini, kuna Winam, Maseno, Nyando, na Tamu upande wa Muhoroni. Kila kituo kina masjala yake, yaani ofisi inayotunza faili, ambayo wengi huiita rejistri. Faili ya kesi iliyofunguliwa Winam haitapatikana katika kaunta ya Maseno, hata kama zote mbili zimo katika kaunti moja.

Juu ya mahakama za mahakimu kuna Mahakama Kuu ya Kisumu. Hapo ndipo kesi za mauaji huanzia, na ndipo rufaa kutoka kwa mahakimu hupelekwa. Makosa mengine mazito, kama vile wizi wa kimabavu na unajisi, huanzia kwa mahakimu. Mahakama ya Rufaa nayo ina kituo Kisumu kwa wale wasioridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu.

Kwa mkazi wa Nyalenda swali la kwanza kwa hivyo ni hili: mshukiwa alipelekwa mahakama ipi? Nyalenda A imo katika eneobunge la Kisumu Mashariki na Nyalenda B katika Kisumu ya Kati, lakini mipaka ya kisiasa haitoshi kuwa mwongozo. Kinachofaa ni kuuliza katika kituo cha polisi alikozuiliwa. Katiba inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda usiozidi saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zinaishia nje ya muda wa kawaida wa kazi. Polisi wanajua walimpeleka wapi.

Habari za kuwa nazo kabla ya kwenda

Karani wa masjala huhudumia watu wengi kwa siku. Anayefika na kusema tu kwamba anatafuta kesi ya ndugu yake huenda akaambiwa arudi kesho. Jitayarishe kwa mambo haya matano:

Kwanza, majina ya mshtakiwa kama yalivyoandikwa katika hati ya mashtaka. Wengi mtaani hujulikana kwa majina ya utani, na polisi nao huweza kuandika jina kwa tahajia tofauti na ile ya kitambulisho. Jaribu tahajia zote.

Pili, nambari ya kuandikishwa kwa kisa katika kitabu cha matukio cha polisi, ile inayojulikana na wengi kama nambari ya OB. Hii huunganisha kukamatwa na kesi.

Tatu, tarehe ambayo mshtakiwa alisomewa mashtaka mara ya kwanza. Rejista za mahakama hufuata tarehe, hivyo basi tarehe peke yake huweza kuokoa saa nyingi za kutafuta.

Nne, kosa aliloshtakiwa nalo. Kesi za kawaida za jinai, kesi za makosa ya kingono na kesi za trafiki huorodheshwa mbali mbali. Anayetafuta katika orodha isiyo yake atarudi mikono mitupu.

Tano, na muhimu kuliko yote, nambari ya kesi. Nambari hii huwa na mwaka ndani yake. Nyingi za miaka ya hivi karibuni huanza na herufi E, ishara kwamba kesi ilisajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Nambari hiyo imo katika hati ya mashtaka na katika stakabadhi za dhamana. Jamaa aliyelipa dhamana aitunze risiti yake kama anavyotunza hati ya shamba.

Kutafuta kwa njia ya mtandao

Si lazima kila utafutaji uanze kwa safari. Orodha ya kesi zinazotajwa au kusikilizwa kila siku huchapishwa mtandaoni na pia hubandikwa katika majengo ya mahakama. Mnamo Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua upanuzi wa mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki hadi mahakama zote nchini, mfumo ambao ulikuwa umeanza Nairobi mwaka wa 2020.

Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, shirika la serikali linalochapisha sheria na maamuzi ya mahakama. Ukikutana na herufi KEHC katika nambari ya hukumu, jua kwamba ni ya Mahakama Kuu. KECA ni ya Mahakama ya Rufaa, na KEMC ni ya hakimu. Hukumu za mahakimu zilizochapishwa ni chache zikilinganishwa na wingi wa kesi wanazoamua, hivyo kutoiona hukumu hapo si thibitisho kwamba kesi haikuwepo.

Ipo mbinu moja inayosaidia. Hukumu ya rufaa kwa kawaida hutaja mwanzoni nambari ya kesi ya awali na mahakama iliyoiamua. Kwa hivyo, aliyepoteza nambari ya kesi ya hakimu lakini anakumbuka kuwa rufaa ilikatwa anaweza kutafuta jina katika tovuti hiyo, kisha arudi nyuma hadi kwenye faili ya kwanza.

Asiyekuwa na simu ya intaneti asikate tamaa. Kaunta za huduma kwa wateja katika mahakama zipo kwa ajili ya kujibu swali kama hilo.

Namna ya kuandika ombi

Kuuliza tarehe ya kesi hufanywa kwa mdomo. Kuomba nakala hufanywa kwa maandishi. Barua huandikiwa Msimamizi Mkuu wa masjala au Hakimu anayesimamia kituo husika. Kwa Mahakama Kuu huandikiwa Naibu Msajili. Haihitaji wakili wala lugha ya kisheria. Maneno kama haya yanatosha:

"Mimi ni mshtakiwa katika kesi ya jinai nambari fulani ya mwaka fulani, iliyoamuliwa na mahakama hii tarehe fulani. Naomba nipewe nakala ya hukumu chini ya Kifungu cha 170 cha Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Jinai, pamoja na nakala iliyopigwa chapa ya mwenendo wote wa kesi na hati ya mashtaka. Nakusudia kukata rufaa. Nambari yangu ya simu ni hii."

Andika nakala mbili. Moja ibaki mahakamani. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe uondoke nayo. Muhuri huo ndio ushahidi wako siku utakapoulizwa kwa nini ulichelewa.

Anayeomba kwa niaba ya mwingine aeleze uhusiano wake na aambatishe idhini iliyotiwa sahihi. Asiyehusika na kesi, kwa mfano mtafiti, mwanahabari au jirani, aeleze sababu ya ombi lake, na aombe ama kuisoma faili hapo hapo masjala ama kupewa nakala. Mwathiriwa naye anatambuliwa na Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014, na asikubali kufukuzwa kwa madai kwamba kesi ni baina ya serikali na mshtakiwa pekee.

Omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri wa mahakama ikiwa utaipeleka katika ofisi nyingine. Nakala tupu inafaa kwa kusoma tu. Uliza ada kabla ya kulipa, lipa kwa njia rasmi ya kielektroniki iliyotangazwa na mahakama, na udai risiti. Fedha zinazotiwa mkononi mwa mtu ni hongo hata zikiitwa chai.

Siku 14 za rufaa

Kifungu cha 349 cha kanuni hizo kinatoa siku 14 za kukata rufaa kwa Mahakama Kuu tangu siku ya uamuzi au adhabu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwani mwenendo wa kesi ulioandikwa kwa mkono na hakimu huchukua muda kupigwa chapa.

Kifungu hicho hicho kinaruhusu Mahakama Kuu kupokea rufaa iliyochelewa kwa sababu nzuri, na kinataja wazi kuwa kushindwa kupata nakala ya hukumu na rekodi katika muda unaofaa baada ya kuziomba ni mojawapo ya sababu hizo. Neno la kuzingatia ni "baada ya kuziomba". Asiyeomba hana kisingizio. Ndiyo maana barua inafaa kupelekwa siku ile ile hukumu inaposomwa, au kesho yake asubuhi.

Mfungwa hahitaji kungoja familia. Sheria inamruhusu kumkabidhi mkuu wa gereza ombi lake la rufaa, naye mkuu huyo analazimika kulifikisha mahakamani.

Kuisoma rekodi

Kupata faili ni jambo moja, kuielewa ni jingine. Rekodi za Mahakama Kuu huwa kwa Kiingereza, na kwa kawaida za mahakimu pia, ingawa sheria inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini. Tazama kwanza mwisho wa kesi, na kifungu kilichotumika kuifunga.

Ikiwa kesi iliondolewa chini ya Kifungu cha 87(a), mshtakiwa aliachiliwa lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Ikiwa aliachiliwa chini ya Kifungu cha 202, ni kwa sababu mlalamishi hakufika. Kifungu cha 210 maana yake ni kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kuwa ana kesi ya kujibu. Kifungu cha 215 ndicho hutumika baada ya pande zote mbili kusikilizwa. Tofauti kati ya 87(a) na 210 ni tofauti kati ya mtu ambaye bado anaweza kuitwa na mtu aliyemaliza.

Usichanganye pia rekodi ya mahakama na cheti cha maadili mema. Cheti hicho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai kwa kutumia alama za vidole, na huombwa kupitia eCitizen. Mahakama haikitoi. Lakini iwapo kumbukumbu za polisi bado zinaonyesha kesi ambayo mtu aliachiliwa huru, nakala ya hukumu iliyothibitishwa ndiyo silaha yake ya kwanza ya kuomba zirekebishwe.

Mambo yasiyotolewa

Si kila faili iko wazi. Kesi zinazowahusu watoto hulindwa na Sheria ya Watoto ya 2022, na jina la mtoto halipaswi kutangazwa. Kesi za makosa ya kingono huweza kusikilizwa faraghani. Mashahidi waliopewa ulinzi hawatajwi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari yenyewe inaruhusu ombi kukataliwa iwapo litavuruga utaratibu wa haki au kuingilia faragha ya mtu mwingine isivyostahili. Hata hivyo, kukataliwa kunafaa kuwe na sababu iliyoandikwa.

Faili za zamani huondolewa katika masjala na kupelekwa ghalani, na sheria inaruhusu baadhi yake kuharibiwa baada ya muda. Anayehitaji rekodi asingoje.

Funzo kutoka Nyalenda

Mtaa huu una mfano wake mchungu. Usiku wa kuamkia Agosti 12, 2017, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, polisi waliingia katika nyumba za Nyalenda. Mtoto wa miezi sita, aliyejulikana kote nchini kama Baby Pendo, aliumizwa na akafariki hospitalini siku chache baadaye.

Hakukuwa na kesi ya jinai mara moja. Kulikuwa na uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu wa Kisumu, ambaye mnamo Februari 2019 aliamua kwamba polisi ndio waliohusika na kifo hicho. Mnamo Oktoba 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alitangaza kuwa maafisa wa polisi wangeshtakiwa kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na suala hilo likapelekwa Mahakama Kuu, Nairobi.

Anayetafuta habari za kifo hicho katika rejista ya kesi za jinai za Kisumu za mwaka wa 2017 hatapata kitu. Rekodi zimo katika faili ya uchunguzi wa kifo jijini Kisumu na katika faili ya Mahakama Kuu jijini Nairobi. Kisa kimoja huweza kuacha nyayo katika ofisi tatu, na mwananchi hana budi kuzifuata zote: kitabu cha polisi, faili ya hakimu, na faili ya mahakama ya juu.

Ukizungushwa ufanye nini

Iwapo majibu hayaji, anza kwa kumwona msimamizi wa kituo cha mahakama ukiwa na nakala yako yenye muhuri. Usiposaidiwa, peleka malalamiko katika ofisi ya Ombudsman wa Idara ya Mahakama, inayoongozwa na Naibu Jaji Mkuu. Ombi lililokataliwa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari laweza kupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo ndiyo msimamizi wa sheria hiyo, ndani ya siku 30. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Katika hatua hizi zote, atakayesikizwa upesi ni yule mwenye nambari ya kesi, tarehe na barua iliyogongwa muhuri. Haba na haba hujaza kibaba: karatasi moja ikitunzwa leo katika nyumba ya Nyalenda huenda ndiyo itakayomtoa mtu Kodiaga kesho.